Aliniuliza kama Niko Singo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu moyo wangu hautulii. Mimi ni mjane, mama wa binti yangu Flora, nalima pamba hapa Dutwa, mume wangu Shigela alifariki na pete yake naivaa mpaka leo. Mwaka huu amehamia fundi baiskeli kutoka Shishiyu, anaitwa Masele, mpole, asubuhi akinisalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mama Flora,” nasikia siku imekucha kweli, na siku moja akifunga mnyororo wa baiskeli yangu akauliza taratibu, “Samahani, wewe uko singo?” Mshauri, nilikasirika, maana hilo neno nalisikia kwa wasichana wanaojitangaza kwenye simu, na nikaona nikikubali ni kama sikuwahi kuolewa, kama namzika Shigela mara ya pili, nikajibu, “Mimi nina mume wangu!” Akasema, “Nisamehe,” akainamia kazi yake. Tangu hapo hanitazami usoni, na nasikia pamba ikiisha anahamia Maswa, nami nikilala natamani ile sauti yake iniite tena. Je, mimi ni singo au siyo?
Esteria, Dutwa

Mdogo wangu Esteria, pole sana kwa msiba, lakini kwa Masele umekosea. Kaka wa watu kauliza kwa adabu, ukamjibu uongo!

Neno lenyewe halina tusi. Waingereza walilipokea kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, na huko lilimaanisha kimoja kimoja, kila kitu peke yake. Ndiyo maana Bariadi mjini wanapangisha chumba singo, cha mtu mmoja. Baadaye likasemwa kwa mtu asiye na mwenza. Ni kweli, wengine humaanisha asiyewahi kuoa wala kuolewa, ndipo lilipokuchoma. Ila Masele hakuuliza ulikotoka. Aliuliza kama sasa kuna mtu.

Kumpenda Shigela hakukatazwi, na hakuna neno la kigeni litakalomfuta. Lakini usimfanye marehemu kuwa mlango wa kujifungia.

Kesho nenda kwa Masele kwa miguu, usisingizie baiskeli. Mwambie, “Mume wangu alifariki. Bado namkumbuka. Ila niko peke yangu, na sipendi uhame.” Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kujibu. Akiwa na nia, apeleke wazee kwenu, na wakwe zako wasisikie kwa watu, wasikie kwako. Akisema umechelewa, utalia, lakini utakuwa umelilia jibu lake, siyo kimya chako.