Kamera ya Mbeya na Kamera ya Nakonde

Tunduma,
14 Julai 2024

Kaka yangu mpendwa Anyelwisye,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Pendo na watoto, na kwamba Mama kile kikohozi cha baridi kimemwachia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Malori yamejipanga barabarani kama kawaida, na vumbi lake linaingia studio hata tukifunga madirisha.

Najua unashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, ungecheka, kisha ungeniambia abiria wamejaa unaondoka. Kwa hiyo nimempa Ferista, binti wa jirani yetu anayefanya kazi hapo Itumba, nikamwambia akukabidhi mkononi. Naomba uisome ukiwa umekaa na gari limezimwa.

Nianze na lile ulilosikia. Ni kweli nilimpigia Mama nikamwambia nimechoka na Jairo, na kwamba nikisikia tena neno kamera nitafunga mizigo nirudi nyumbani. Mama akakwambia, nawe ukanitumia ujumbe kuuliza ni ndoa gani inayovunjwa na kamera. Kaka, usicheke. Shemeji yako unamjua kwa chakula cha Krismasi. Hujaishi naye akiwa anataka kununua kitu.

Ilianza mwezi wa nne, siku ya harusi ya Eva kule Vwawa. Bibi harusi ameshika mkono wa baba yake, anaingia mlangoni mwa kanisa, nabonyeza kamera yetu ya zamani, haiitiki. Nabonyeza tena, inakwaruza ndani kama mtu anayesaga mchanga, kisha kimya. Jairo alikuwa anachukua video, ndiyo iliyotuokoa. Tulipofika nyumbani tukakubaliana, bila ugomvi wowote, kwamba tununue mpya, hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, ambazo ni nyepesi na hazipigi kelele wakati mchungaji anaomba.

Zilizokuwa ndani ya uwezo wetu ni mbili tu. Moja ilikuwa dukani Mbeya. Nyingine alikuwa nayo Bana Chanda, mama Mzambia anayeuza vifaa vya umeme hapo ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Bei zilikaribiana. Mtu mwingine angechukua moja akaenda kazini. Jairo akanunua karatasi kubwa la manila, akachora mistari, juu akaandika Ya Mbeya na Ya Nakonde, akalibandika ukutani pale studio wateja wanapokaa.

Kaka, lile karatasi nimelala nalo na kuamka nalo kwa miezi mitatu. Ya Mbeya ina nafasi ya kadi mbili, moja ikiharibika picha za harusi hazipotei. Ya Nakonde ina kadi moja, lakini inatuliza mtikisiko wa mkono. Ya Mbeya picha za ukumbini hazina chenga. Ya Nakonde betri inakaa zaidi, na skrini yake ya nyuma ni kubwa, inafunguka pembeni kama dirisha. Kila jioni aliangalia wataalamu wa mtandaoni, huyu anasifia hiki, yule anakiponda hicho hicho, naye anafuta na kuandika upya. Mteja akija kupiga picha za pasipoti anaulizwa maoni yake. Mama mmoja wa watu alikuja na mtoto aliyekuwa analia, akabaki robo saa akielezwa habari za betri.

Siku moja alinivusha mpaka Nakonde, akaingia kwa Bana Chanda amebeba mizani aliyoazima kwa muuza misumari. Alitaka kupima uzito, maana hakuamini ulioandikwa kwenye boksi. Bana Chanda alimtazama, akasema kwa heshima za Kibemba, "Ba Jairo, mukwai, mimi nauza kamera. Kapenta, hawa dagaa wetu, wanapimwa kule sokoni." Nilitoka nje nikasimama barabarani kwa aibu. Alipima. Tofauti yake na ya Mbeya ilikuwa ndogo kuliko uzito wa simu yangu. Tulipofika nyumbani akaiandika.

Mara mbili tulifikia uamuzi, na mara mbili uamuzi ukavunjika. Huku kazi hazingoji, tunaendelea kuazima kamera za wenzetu, tunarudisha, tunaomba tena kama watoto.

Mwezi uliopita akaja na wazo la kumaliza ubishi. Tungezijaribu zote mbili siku moja, mahali pamoja. Bana Chanda alikubali kutuazima yake, nadhani ili apumzike. Rafiki yake Jairo wa Mbeya anayo kamera ya aina ile ya dukani, naye akaileta. Tukaenda kwao Jairo, Ihanda, wakati kahawa imeiva na ndugu wote wako shambani.

Mama mkwe wangu, Mama Ruti, alitupokea vizuri, akadhani tumekuja kuchuma. Jairo akaweka jiwe chini, akasema hapo ndipo mpigaji asimame. Akawapanga watu wanane mbele ya vichanja vya kuanikia, kila mmoja na kikapu chake, dada yake Alinanuswe mwisho kabisa upande wa kushoto. Nikapiga kwa ya Mbeya, nikapiga kwa ya Nakonde. Kisha yeye akapiga kwa zote mbili. Jua likasogea, akataka turudie. Wingu likaja, akataka turudie. Mama Ruti akasema kahawa haimngojei mtu apigwe picha, nikamuunga mkono mbele ya watoto wake wote, na tulirudi Tunduma tumenuniana.

Jumatatu yake nilimkuta mbele ya kompyuta. Hakuwa anaandika chochote kwenye karatasi lake, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniomba nikae. Akaonyesha picha niliyopiga kwa ya Mbeya. Alinanuswe alikuwa amekatwa, bega moja na nusu ya uso. Akaonyesha niliyopiga kwa ya Nakonde. Alinanuswe amekatwa vile vile. Akafungua zake, za kamera hizo hizo, kutoka jiwe lile lile. Wifi yangu amesimama mzima na kikapu chake, anacheka.

Nikasema wasimame vizuri siku nyingine. Akafungua harusi ya Eva, zile nilizowahi kupiga asubuhi nyumbani kwa bibi harusi. Shangazi wa kushoto hana mkono. Akafungua kipaimara cha mwaka jana, akafungua mahafali. Picha baada ya picha, mtu wa kushoto amekatwa. Alikuwa amekaa siku nzima akizihesabu. Kisha akageuza kiti na kuniuliza polepole, "Sekela, upande huu wa kushoto unaona nini?"

Kaka, nilimrukia. Nilimwambia kosa ni la lenzi, ni la kamera za kuazima, ni lake yeye na mizani yake. Nilikwenda ukutani nikalibandua lile karatasi, nikalichana vipande, mteja akiwa mlangoni anatazama. Ndipo nikampigia Mama kusema yale uliyoyasikia.

Mpaka hapa utaona mkosaji ni Jairo na uchunguzi wake usioisha. Mama ndivyo anavyojua. Sasa nikuambie nisilomwambia.

Mwezi wa pili nilikwenda Mbeya. Niliaga naenda kununua karatasi za picha, lakini nilikwenda kwa daktari wa macho, kwa sababu nilikuwa nagonga fremu za milango na kumwaga chai mezani. Waliniweka mbele ya mashine, wakaniambia nitazame taa moja ya katikati na nibonyeze kitufe kila nitakapoona nyingine ikiwaka pembeni. Nilibonyeza, nikabonyeza, kisha nikakaa muda mrefu nikingoja. Nesi akaniuliza kama nimesinzia. Taa zilikuwa zinawaka upande wa kushoto.

Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, ila dawa ya matone inaweza kulinda kilichobaki nikiitumia kila siku. Akauliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kupofuka. Nikamtaja Baba. Sisi tulisema ni moshi na uzee, lakini Kaka, Baba alianza kushikwa mkono kwenda kanisani hajafika miaka hamsini na tano. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huu unafuata damu, hauumi, mtu hajui mpaka umeshakula sehemu kubwa, kwa hiyo ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe bila kungoja.

Ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja.

Nilikunja ile karatasi ya hospitali, nikaificha kwenye bahasha ya picha za zamani, na sikumwambia mtu. Niliogopa. Nani atamwita mpiga picha asiyeona? Na uamuzi ule uliovunjika mara mbili, niliuvunja mimi. Jairo alipochagua ya Mbeya nilisema ni nzito, ndiyo maana akatafuta mizani. Alipochagua ya Nakonde nilisema kadi moja itatuaibisha. Siku kamera mpya ingeingia ndani na watu bado wanakatwa, ningebaki na nini cha kulaumu?

Hilo la kamera Jairo amenisamehe. Lako ndilo zito. Pasaka nilipokuja, ulipoingiza gari uliigonga nguzo ya geti upande wa kushoto, ukashuka ukamlaumu fundi aliyeijenga. Nilikuwa nimesimama barazani. Nilijua, au nilishuku kiasi cha kutosha kusema. Nikakusaidia kumlaumu fundi. Tangu siku hiyo umepita zile kona za Ileje kila asubuhi na watu nyuma yako, na mimi kimya.

Alhamisi nilimweleza Jairo yote. Hakufoka. Alikaa, akauliza dawa ninayo, natakiwa kuitia saa ngapi. Kisha akachagua kamera kabla chai yake haijapoa. Alisema ni ya Nakonde, kwa sababu ya ile skrini kubwa. Sitachungulia tena kwenye kitundu, nitaishika mbele yangu na kugeuza kichwa mpaka nione pembe zote, na yeye atasimama kushoto kwangu. Jana tumeitumia kwenye harusi. Nilichelewa kila picha, watu walinung'unika, lakini hakuna aliyekatwa. Sasa ananipigia hata nikiwa sokoni kuuliza kama nimetia matone, na nakuapia atanitia wazimu.

Kaka, Jumatano narudi kliniki Mbeya, na nimeomba tupokelewe wawili. Siku hiyo gari mwachie Rubeni, dereva mwenzako, na wewe uje kama abiria. Mimi na Jairo tutakungoja Mpemba kituoni saa mbili asubuhi. Inawezekana macho yako ni mazima na nguzo ile ilijengwa vibaya kweli, nitafurahi nikiambiwa hivyo mbele ya daktari. Usipotokea, Alhamisi nitakuja Itumba, nisimame mlangoni mwa gari na kuwaeleza abiria wako mmoja mmoja. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze njiani. Kutoka Mpemba hadi Mbeya muda upo, na sitajitetea.

Mama mwachie mimi, nitamweleza mwenyewe. Nisalimie wifi Pendo, mwambie maharage aliyotuma yalifika. Wabusu watoto. Jairo anakusalimu sana, na ameniomba niandike kwamba siti ya dirishani atakuwekea wewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Sekela