Wimbo wa Mvua na Fimbo ya Baba

Kwa Mwaitu, mama yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umekaa pale nje ya jikoni, miguu umeinyoosha, na si shambani umeinama na hilo goti lako. Goti lenyewe linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma unaipaka ama umeshampa jirani? Nakujua, Mama. Na dada yangu Kalondu kikohozi kimemwachilia? Yule mbuzi mwenye kisirani bado anavunja boma? Kalondu aliniambia huko Kikima mlipata manyunyu ya siku mbili halafu jua likarudi kuchoma mbaazi. Mimi huku Uingereza niko salama, Mungu ananitunza. Mvua ya huku haiombewi, inanyesha tu kila siku bila mpango, na kila nikiiona nasema, aki hii ingekuwa kwa Mama.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika kwa karatasi kama watu wa zamani. Ni kwa sababu simu yako ukishika tu unaweka spika, na boma lote linasikia mpaka kuku. Haya ya leo nataka uyapate wewe kwanza. Nduku, yule msichana wa Mbumbuni tunayefanya naye kazi, anakuja likizo, na ameniapia kwamba atakupa wewe mwenyewe mkononi. Kalondu, kama ni wewe unasoma, shika adabu yako, mpe Mama miwani.

Mama, nataka tuongee juu ya ile siku uliniambia hutaimba tena.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kumzika Baba. Unajua vile sikuweza kuja, pasipoti yangu ilikuwa imekwama ofisini kwa mambo ya kibali, na baba yangu nikamzika kwa simu ya Kalondu, picha ikikatika katika. Hilo bado linaniuma na sitakuficha. Niliona kwaya ya akina mama ikisimama kando ya kaburi kuimba ule wimbo wako wa mvua, unaomwomba Bwana akae nasi mpaka mvua ije. Nikaona mdomo wako umefungwa. Nilidhani ni uchungu tu.

Halafu ukanipigia, spika umezima kwa mara ya kwanza maishani. Ukaniambia, "Mueni, ule wimbo sikupewa na Mungu. Nilimdanganya baba yako nao miaka arobaini, na amekufa kabla sijamwambia. Sasa nitaimba na mdomo gani?"

Ukanieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba kabla ya kuolewa ulikuwa ukiuza chai kwa hoteli moja hapo Salama, na tajiri wako alikuwa na gramafoni, na madereva wa malori walikuwa wakimletea santuri ndogo ndogo kutoka Mombasa, muziki wa soul wa watu weusi wa Amerika. Kwamba wewe ndiye ulikuwa ukiziweka na kuzigeuza, na ulipoolewa tajiri akakupa gramafoni na santuri tisa za kwenda nazo. Wewe, Mama! Mwenyekiti wa akina mama kanisani! Ulisema mlikuwa mkisikiliza pamoja na Baba jioni, mpaka ile siku ya mkutano wa injili sokoni, Baba akaokoka, akarudi nyumbani, akazichukua zote tisa akazichoma nyuma ya jikoni. Wewe ulisimama hapo umenibeba mgongoni, ukaziangalia zikiungua.

Lakini wimbo mmoja ulibaki kichwani. Mwaka uliofuata ukaupunguza mwendo, ukamtoa yule mwanamume na mwanamke wake, ukamweka Bwana, ukatia maneno ya Kikamba, ukaupeleka kwa kwaya. Kanisa zima likasema Mama Mueni amefunuliwa wimbo. Hata Baba akasema amina.

"Na hakujua?" nilikuuliza.

"Angejuaje? Si unajua masikio ya baba yako."

Hapo tulicheka kidogo, ingawa tulikuwa tunalia. Nani asiyejua masikio ya Baba? Huyo aliimba wimbo wa taifa na tenzi za kanisa kwa sauti moja, na mwalimu wa kwaya alimwomba kwa heshima awe anafungua mdomo tu. Lakini nilipojaribu kukufariji ulikataa. Tangu siku hiyo akina mama wakija kukuita mazoezi unawaambia koo linauma. Kalondu anasema hata ukipepeta ndengu huimbi. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kujua nyumba yetu ikiwa kimya, na niliogopa, Mama. Niliogopa kukupoteza na wewe pia, ukiwa bado hai.

Sasa sikia kilichotokea huku.

Kwa ile nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna mzee anaitwa Derek. Miguu imekataa, yuko kwa kiti cha magurudumu, na ana mdomo kuliko shangazi Syombua. Mara mbili kwa mwezi, Jumamosi mchana, mimi humsukuma mpaka ukumbi mmoja karibu na stesheni. Mama, ungeona! Wazee wa rika lako, wengine wamewekewa nyonga za chuma, wanamwaga poda ya watoto sakafuni ili viatu viteleze, halafu wanacheza soul. Hizo hizo santuri ndogo zako! Na kitu kilichonishangaza, hawataki zile nyimbo zilizovuma. Wanapenda zilizoshindwa. Mtu aliimba mara moja huko Amerika, hakuna aliyenunua, akarudi kuosha magari, na hawa wazungu wanalijua jina lake kama la mtoto wao. Kuna mmoja anaitwa Keith, ndiye mwenye masanduku ya santuri. Huyo hubandika karatasi nyeupe juu ya jina la wimbo ili wenzake wasijue ni upi, kama wewe unavyomficha shangazi ile mbegu yako ya ndengu.

Basi nikamwendea Keith, nikamwambia kuna wimbo natafuta.

"Unaitwaje?"

"Sijui."

"Nani aliuimba?"

"Sijui."

Akaniangalia. "Basi imba."

Nikashika kiti cha Derek nikaimba kwa Kikamba, polepole vile tunaimba kanisani. Keith akatikisa kichwa, hapana. Derek akasema, "Kimbiza kidogo." Nikakimbiza. Hapana. "Kimbiza tena, kwani ni matanga?" Mara ya tatu niliuimba mpaka pumzi ikaniisha, na Keith akainua mkono nisimame. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema anao, lakini uko nyumbani, kwa sababu huo haubebi ovyo.

Wiki mbili hizo sikulala vizuri. Jumamosi ilipofika akaja na ule mmoja tu, ndani ya koti, karatasi nyeupe juu ya jina. Akauweka.

Mama, ni wimbo wetu! Ni wenyewe kabisa, ila una mbio na tarumbeta. Mwanamume anambembeleza mwanamke asitoke mpaka mvua iishe. Nikaanza kucheka na machozi yananitoka, kwa sababu nilikuona wazi. Yeye anaomba mvua iishe, wewe ukageuza ukaomba ije. Mkamba gani angeomba mvua iishe?

Halafu, hapo anaposema mambo ya mvua, sauti ikakatika. Kila kitu kikanyamaza. Ngoma ikapiga mara mbili, ko, ko, na sauti ikarudi. Wale wazee wote walipiga makofi mawili hapo. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshagonga kiti cha Derek mara mbili, sawasawa na ngoma, na mimi huo wimbo kwa santuri sijawahi kuusikia tangu nipate akili.

Derek akageuka. "Umejuaje?"

Nilikuwa nimekumbuka fimbo.

Mama, kumbuka. Baba alikaa wapi kanisani? Benchi la wazee, kule nyuma karibu na mlango. Kila mara mkifika "mpaka mvua ije" mnavuta pumzi, na hapo Baba anagonga ile fimbo yake ya tangu ujana sakafuni mara mbili. Ko, ko. Sisi tulikuwa tunacheka mpaka unatufinya. Ulituambia, "Anataka tuharakishe, ana njaa." Mkirudi nyumbani unamgombeza, "Mzee, unatuharibia wimbo," na yeye anajibu, "Fimbo iliteleza."

Fimbo gani inateleza miaka arobaini, Mama? Inateleza mahali pamoja, kwa wimbo mmoja, mara mbili kamili? Kwa tenzi zingine zote fimbo ya Baba ilikaa kimya kama jiwe, unajua hivyo.

Nilimwomba Keith aupige tena. Akaupiga mara tatu, na mara zote tatu ni hapo hapo. Wimbo wako wa kanisani hauna ngoma. Wewe ni mwimbaji, ulibeba sauti, ngoma ukaisahau. Baba hakuwa na sauti ya kubeba, kwa hiyo akabeba ngoma. Yale mapigo mawili angeyatoa wapi kama si kwa ile santuri aliyoichoma kwa mkono wake?

Na kumbuka ule mwaka wazee wa kanisa walikaa kuchuja nyimbo zenye midundo ya baa. Ulinisimulia wewe mwenyewe, ukijisikia. Baba alizifuta mbili za vijana bila huruma. Walipofika kwa wako akasema, "Huo wa mvua usiguswe," na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mama, alijua. Alijua kutoka Jumapili ya kwanza. Sitamsemea marehemu, labda aliona haya kwa ule moto, labda hakupata maneno, unamjua alivyokuwa mgumu wa kuongea. Lakini hukumdanganya. Ulimwimbia, na yeye akakujibu, kila Jumapili mbele ya kanisa zima, na sisi wote tukadhani ana njaa.

Keith aliibandua ile karatasi akanionyesha jina, akaniapisha nisimwambie mtu, kwa hiyo sikuandikii. Wewe wimbo wenyewe uliujua kabla yake. Aliniruhusu niunase, na Nduku anao kwa simu yake. Akikupigia huo wimbo, kaa chini kwanza. Mwambie azime spika, ukitaka usikilize peke yako. Derek naye ananituma. Anasema nikuambie kuna wazee huku wanaujua wimbo wako, na wameanza kusema "mvua" kwa Kikamba, tena vibaya sana.

Sikuamrishi, wewe ni mama yangu. Moyo ukikataa, nitaelewa. Lakini nakuomba, Jumapili moja usimame na akina mama, uuimbe.

Nisalimie shangazi Syombua, dada ya Baba, mwambie nimempata mwenzake wa mdomo. Nisalimie mjomba Kioko, ndugu yako, na asante kwa kusimamia kazi yote ya mazishi mahali nilipotakiwa kusimama mimi. Wasalimie akina mama wa kwaya, mmoja mmoja. Mchungaji msalimie tu, hayo mengine ya kumwambia utaamua mwenyewe.

Na Kalondu, dada yangu, nina kazi yake. Fimbo ya Baba bado iko nyuma ya mlango wa chumbani, niliiona kwa simu Kalondu akinionyesha nyumba. Mama akikubali, aichukue aende nayo kanisani, akae benchi la nyuma karibu na mlango. Najua alirithi masikio ya Baba, sauti hana. Mwambie asijaribu kuimba. Asubiri tu mkivuta pumzi, halafu agonge mara mbili.

Ni mimi mtoto wako wa mgongoni,
Mueni