Popote Atakapotulia

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini maneno haya yatakukuta ukiwa na afya, na kwamba lile bega ulilolalamikia limeacha kukusumbua. Mama ni mzima, anakusalimu, na anasema usinyanyue majokofu ya watu peke yako kana kwamba kazini kwenu hakuna mwanamume mwingine. Mimi ni mzima wa mwili. Dada naye yupo. Nimetafuta neno jingine la kuweka hapo nikakosa, basi acha libaki hilo: yupo.

Utashangaa kuona nimekuandikia barua nzima. Kwenye simu unanijua, nikishasema "ndiyo" na "hapana" nimemaliza hotuba. Ndiyo maana naandika kwa mkono, nikimaliza nitapiga picha kurasa zote nikutumie kwa pamoja, usipate nafasi ya kuniuliza swali katikati. Nilianza kwa Kiingereza kama tulivyozoeshwa shuleni, ikatoka kama ripoti ya safari ya darasa. Nikachana. Mambo ya nyumbani kwetu kwa Kiingereza yanatembea kama yamevaa viatu vya kuazima.

Nataka kukueleza kuhusu Dada na hii historia yake.

Unajua alianza uzamivu katika falsafa, halafu akahamia fasihi. Siku ile uliponiuliza tofauti yake ni nini nilicheka tu, kwa sababu sikuijua. Nilichokuja kukijua baadaye ni kuhama kwenyewe. Watu wanadhani ni kama kuhama nyumba, unafunga vyombo unakwenda. Kumbe masomo uliyofaulu hayahesabiwi unakokwenda, pendekezo la utafiti unaliandika upya, na wale mlioanza pamoja wanageuka wakubwa zako. Huko kwenye fasihi msimamizi wake alipata kazi chuo kingine, akaondoka na wanafunzi wake aliowapenda, Dada hakuwemo. Akapewa mwingine, mzee mmoja mpole, ambaye kila wakikutana alimwambia mada yake ni nzuri sana ila si ya fasihi, ni ya historia. Alimwambia hivyo mpaka Dada akaacha kuleta sura mpya. Ndipo alipoamua kuomba historia, chuo kingine kabisa.

Sasa sikia walivyopanga mambo yao. Huwezi kupokelewa unakokwenda bila barua ya mapendekezo kutoka kwa yule unayemkimbia. Dada alimwomba yule mzee. Mzee akasema hakuna shida, binti yangu, kisha akapotea. Dada akawa anamvizia nje ya ofisi kama mtu anayedai kodi, akimkuta anajifanya alikuwa anapita tu. Mwisho mzee akamwambia, huku anafunga mlango wake kwa ufunguo, kwamba ameshaituma na ameandika vizuri, ameandika kuwa binti huyu atafanya vizuri popote atakapotulia. Alisema kwa upole, Dada aliniapia hivyo. Lakini alirudi nyumbani akaliimba hilo neno siku nzima, akiosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Popote atakapotulia. Mama akamuuliza huo ni wimbo wa nani. Akajibu ni wa chuoni.

Kisha likaja lile andiko la kueleza nia. Kila chuo kinataka umweleze mtu usiyemjua kwa nini unapenda kitu, kwa kurasa mbili tu. Sentensi ya kwanza ilimlia mwezi mzima. Aliandika kwamba tangu utotoni amependa historia, akafuta, akaniambia waombaji wote wamependa tangu utotoni, inaonekana duniani hakuna anayeanza kupenda kitu akiwa mkubwa. Nilicheka. Yeye hakucheka. Jioni hiyo Mama alimkuta jikoni amesimama, bomba linatiririka, sufuria imejaa mpaka inamwagika. Alipoulizwa alisema anatafuta sentensi. Mama alifunga bomba akasema, "Itafute ukiwa umekaa, mwanangu, maji hayana kosa."

Walipomwita kwenye usaili tulifurahi. Tukaanza mazoezi. Mimi nilikuwa jopo. Nilikaa nyuma ya meza ya kupigia pasi, nimevaa miwani ya Mama, namuuliza kwa Kiingereza. Kwa nini unaondoka ulipo? Utafiti wako utaongeza nini ambacho hakijasemwa? Kaka, mimi ambaye darasani nikiitwa jina najifanya natafuta kalamu iliyoanguka, hapo nilikuwa mkali balaa. Kwa Kiingereza huwa sioni haya sana, labda kwa sababu nikikosea nahisi aliyekosea ni mtu mwingine. Mama akipita mlangoni alisema, "Profesa, mpunguzie mtoto wa watu, hata mwenye nyumba hatuulizi hivyo." Dada akijibu, mimi nasahihisha. Jibu hili refu. Hili umejitetea mno. Rudia. Tulirudia kila siku nikitoka shule, mpaka majibu yote nikayajua kwa moyo, na yeye, sijui niseme vipi, kadiri mimi nilivyoyajua ndivyo yalivyomtoka. Kila siku alikuwa na sababu mpya ya kuondoka fasihi. Mimi nilikuwa nayo moja, ile nzuri, na nikawa namkumbusha.

Hayo mengine unayajua. Walimkubali. Mama alikupigia kabla hata hajakaa, na ulivyopiga kelele nilikusikia mpaka chumbani. Umeshawaambia wenzako kazini. Umeshamwita Daktari. Umesema kuacha kwako shule ili yeye asome sasa kumelipa, ulisema hivyo ukicheka, na Mama akaweka simu kwenye spika ili Dada asikie. Alisikia.

Sasa nisome polepole hapa, Kaka, kwa sababu nimeandika na kufuta vya kutosha.

Asubuhi ya usaili Mama alikuwa kazini. Dada alisema nikae naye chumbani, chini, pembeni ya meza, nishike glasi ya maji, ili asijione peke yake. Kwenye kompyuta walikuwepo watatu, mwanamume mmoja na wanawake wawili. Mtandao ulikuwa unakatakata, mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti wao akaomba wote tuzime kamera ili sauti zisikike vizuri. Tukazima. Swali la kwanza, ajitambulishe, akajitambulisha vizuri. La pili, kwa nini unaondoka ulipo.

Akanyamaza. Nilidhani anapanga maneno. Nikamtazama, mdomo uko wazi na mkono umekamata ukingo wa meza, na hakuna kinachotoka. Hakuwa analia. Alikuwa kama mtu aliyefika ngazi ya mwisho gizani akadhani iko nyingine. Mwenyekiti akauliza kama yupo. Akauliza tena. Akasema huenda tumepoteza mawasiliano, na labda waendelee na mwombaji anayefuata.

Nikasogea kwenye kompyuta nikasema, "Nipo, samahani, ni mtandao."

Unajua sauti zetu. Wewe mwenyewe ukipiga unauliza kwanza, nani huyo, mkubwa au mdogo? Nilitaka kusema hilo tu, kumpatia dakika moja. Lakini swali lilikuwa bado limening'inia, na mimi nilikuwa na jibu. Nikalitoa. Wakauliza jingine, nikatoa jingine. Dada alinipisha kidogo kwenye kiti, nikakaa nusu, yeye nusu. Nilijibu yote.

Na hili ndilo ninaloona haya zaidi, si lile la kudanganya. Nilifurahi. Watu wazima watatu walikuwa wananyamaza ili wanisikilize. Mmoja alisema hoja yangu imemfanya afikiri. Nilisahau kama Dada yuko pale ubavuni kwangu anatetemeka mpaka kiti kinatetemeka. Kwa muda mfupi nilikuwa mimi tu, nina maneno, na yalikuwa yake.

Mwisho yule mwanamume akauliza ambacho hatukufanyia mazoezi: tusipokukubali, utafanya nini? Nikamgeukia Dada. Akanong'ona kwa lugha yetu, "Ningepumzika." Nikatafsiri kama alivyosema. Wakacheka wote watatu, mwenyekiti akasema ndilo jibu la ukweli kuliko yote waliyosikia wiki hiyo. Mimi nami nilicheka. Kisha nikamtazama Dada, Kaka. Hakuwa ametania.

Jibu la kukubaliwa lilipokuja alinipa mkono, akasema, "Hongera, umepata nafasi." Akaenda kuanika nguo.

Nilimfuata kwenye kamba. Nikamwambia tuwaeleze ukweli, nitasema ni mimi, mimi ni mtoto watanisamehe. Akasema hapana, atakwenda, kwa sababu Kaka ameshawaambia watu. Nikamuuliza kama anaipenda hiyo historia. Alibana nguo zote kwanza, mpaka soksi. Kisha akasema tangu alipotoka falsafa hajawahi kuchagua somo, amekuwa akitafuta mahali ambapo hakuna atakayemuuliza anamaliza lini. Akasema huko aendako watamsubiri yule aliyewajibu, na yeye hamjui huyo mtu, anamsikia tu akiongea chumba cha pili. Nilitaka kumshika mkono lakini alikuwa ameshika beseni.

Mama hajui. Anajua Dada hali vizuri, anadhani ni furaha imemkaba.

Anatakiwa kuthibitisha nafasi Ijumaa ijayo. Mama akimwambia aache, atakataa. Mimi nikimwambia, atanipa hongera nyingine. Ni wewe tu, kwa sababu ni wewe uliyeacha shule kwa ajili yake, na anaona akisimama atakuwa ameitupa miaka yako, si yake. Sijakuandikia ili ujisikie vibaya. Najua ulipomwambia asirudi nyumbani bila kofia ya mahafali ulikuwa unatania. Yeye aliibeba kama amri.

Mpigie, Kaka. Si kwa spika. Mwambie anaweza kubaki nyumbani na hutamwuliza kitu, na uwe unasema kweli kwamba hutamwuliza, kwa sababu ukimwuliza hata mara moja ataanza kutafuta chuo kingine. Wale wenzako kazini waambie chochote. Waambie ni mimi niliyeisoma vibaya barua ya majibu ya chuo.

Na mwambie kwamba nimekuandikia, usifiche. Najua ataacha kuzungumza na mimi kwa muda. Nitakaa naye hivyo hivyo, nimezoea nyumba ya watu wanaonyamaza. Kuhusu jopo, jioni hii nitawaandikia kwa jina langu. Sijui watamfanya nini, wala watanifanya nini mimi.

Mama anauliza ninaandika nini muda wote huu, nimemwambia nakusalimu, na si uongo. Pokea salamu zake, na zangu, na za Dada ingawa hakunituma. Lala mapema, bega lisikuume. Nangoja simu ilie chumbani kwake, si kwangu.

Ni mimi, kitinda mimba wenu.