Kurasa za Mbele

Ganjoni, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi chako je? Pokea magunia mawili ya vitabu vya mtumba kutoka godauni la Shimanzi ninakofanya kazi. Kurasa za mbele, zile zenye majina ya wenyewe, nimezing'oa ili vionekane safi.

Baba, funga hilo duka uje tukae pamoja. Mji ulikufa stesheni ilipofungwa, nawe bado wafagia baraza!

Bintiyo,
Mbodze

Stesheni, 20 Machi 2024

Mwanangu Mbodze,

Marahaba. Kikohozi kimepungua. Nani kakwambia mji umekufa? Jirani yangu Kingi naye kafungua duka la vitabu, nikamgawia vya magunia yako, sasa tuko watano. Jumamosi walimu na wanafunzi huja kutoka mbali, mahamri yaisha saa tatu, hata gesti imepakwa rangi.

Lakini nakusihi, usizing'oe tena hizo kurasa. Mamako alipofariki sikuweza kuvitazama vitabu vyake vya ualimu, nikampa mchuuzi vyote. Ukaninunia mwaka mzima, na ulikuwa na haki. Duka nilifungua kwa sababu hiyo, wenzangu wakafuata. Kila gunia likifika, natafuta jina lake. Nisamehe, mwanangu. Siwezi kuhama.

Babako,
Chengo

Stesheni, 2 Juni 2024

Mbodze mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Simu hushiki, magunia yaja bila barua. Kama nimekuudhi tena, niambie.

Babako

Ganjoni, 11 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Hukuniudhi. Nilishikwa na aibu. Nilikuwa nang'oa huku napiga soga na wenzangu, sisomi hata jina moja.

Mung'aro, muuza njugu wa Makadara, huchukua kurasa tunazong'oa akafungie njugu zake. Tangu barua yako nampitia kila jioni, napekua rundo lake. Njugu nimekula mpaka nimezichoka! Jana niliupata ukurasa, una doa la mafuta, kona moja imebaki kitabuni. Mwandiko ni wake, Baba. Nililia pale pale barabarani, Mung'aro akaniletea maji.

Ameandika: "Mwalimu Everlyne Chengo. Ukikiokota, nirudishie."

Mhuri wa godauni nyuma ya ukurasa waonyesha ulitoka kwenye magunia ya Machi. Kitabu kiko kwako, au kwa Kingi. Naja Jumamosi na ukurasa, tulinganishe kimoja kimoja. Waambie wenzako, nyote watano msiuze kitu mpaka nifike.

Bintiyo akupendaye,
Mbodze