Laini ya Mama

Jumapili, mchana. Wingu limetanda upande wa ziwani tangu tulipotoka kanisani, lakini mvua haijaamua. Mimi nimeshaamua, na naandika hapa ili nisije nikabadili mawazo.

Nataka kuhama nyumbani. Nimeandika bila kupamba.

Nina miaka ishirini na minne. Nalala kitanda kimoja na mdogo wangu Milembe, ambaye hupiga mateke usingizini kisha asubuhi anakana. Kila siku natoka Igoma kwenda Buhongwa kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, yaani nauvuka mji mzima. Karibu na duka kuna chumba. Nimekwenda kukiangalia mara tatu, na mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote. Kina luku yake, umeme nalipia mwenyewe. Ukifungua dirisha unaona mawe, na kati ya mawe kipande cha ziwa, kidogo kama leso. Nilishachagua pazia, la kijani.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na alikubali kunisubiri hadi Jumatano. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu nilijiandaa. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikopa vihela kwenye simu, hata nisipovihitaji, na kuvirudisha siku mbili kabla ya tarehe. Wenzangu dukani walinicheka. Wao walikopa hela za viatu vya sikukuu, wakatupa laini wasidaiwe. Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini mimi hata kulipa nilikwenda kama naenda harusini. Nilijua siku nikiomba mkopo wa maana watafungua rekodi na kunikuta humo, binti anayeaminika.

Jana nikaenda kwenye ushirika wa akiba na mikopo. Dada wa dirishani akaingiza namba ya kitambulisho changu, akasubiri, akaingiza tena.

"Dada, wewe hujawahi kukopa popote."

Nikamwonyesha meseji zangu zote. Akazipitia, kisha akaniuliza laini imesajiliwa kwa jina la nani.

Nikachukua simu yangu, nikatoka.

Imesajiliwa kwa kidole cha mama. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sina kitambulisho, mama akaweka kidole chake kwa wakala, nami nikaondoka na laini nikirukaruka. Kitambulisho kilipotoka sikwenda kubadilisha. Ni uvivu tu, sina cha kujitetea. Kumbe miaka yote mitatu mimi nalipa, mama ndiye anayesifiwa.

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema. Hawasemi uhakikishe kwanza kibaba ni cha nani.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka friza. Mama anauza mtindi, na huko nyuma alikataliwa mkopo mara mbili. Mwaka jana akajaribu tena, kwa woga, akapewa, ndipo akanunua friza. Afisa akamwambia ana jina zuri. Alirudi nyumbani anaimba, na mpaka leo kila mteja wa mtindi lazima aisikie hadithi hiyo kabla hajapewa chenji.

Nilimkuta anafuta mfuniko wa friza kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

Nikamwambia nimekosa mkopo wa kulipia chumba. Sikumwambia kwa nini.

"Sasa wewe Kabula, hilo ndilo la kukununisha? Si nitakukopea mimi! Mimi huko naaminika, mwanangu. Nenda kalipie chumba chako."

Nakiri kwamba nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa ulimini kabisa: mama, jina hilo ni jasho langu. Nilitaka pia kusema ndiyo, kwa sababu niliona dirisha lile waziwazi, na mawe yake. Lakini alikuwa amesimama pale kwa raha zake, mtu aliyekataliwa mara mbili, sasa anamdhamini mwanawe. Na nilipofikiri zaidi nikaona aibu. Kama ningechelewa kulipa hata mwezi mmoja, ni yeye ambaye angeumbuka, na asingejua hata kosa lake.

Nikamwambia, "Asante, mama. Subiri kwanza."

Nataka ufunguo wangu. Nikihamia kwa jina lake, nitakuwa nimehamisha kitanda tu.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kazi, nitasajili laini yangu kwa kidole changu, na nitaanza na kile kiwango cha chini kabisa wanachowapa wageni. Ile ya zamani ilikuwa na deni dogo. Nimelilipa leo, siku mbili kabla, kama kawaida. Miaka yote nimekula na kulala katika nyumba hii bila kudaiwa kodi. Pengine nilikuwa nailipa.

Nimempigia mwenye nyumba. Hakukasirika. Amesema kuna mwalimu alikuwa anakiulizia chumba, atampa yeye.

Mvua imeanza, mama anaita tukaanue nguo. Najua nimefanya vizuri, na bado roho inauma.

Sijui huyo mwalimu ataweka pazia la rangi gani.