Mlango wa Ghulail Umefika Angani

Mama yangu kipenzi, mlinzi wa mlango wa chuma wa mtaa wetu wa Ghulail, kule Jeddah,

Shikamoo huko uliko. Najua hutaitika, lakini nikianza kusimulia bila kukuamkia nitakuwa nimekukosea, nawe hukuwa mtu wa kusahau. Nakuandikia kutoka Riyadh, ambako hewa ni kavu hata chumvi haigandi koponi, na nadhani hilo lingekufurahisha kuliko yote nitakayokwambia. Vumilia kidogo. Nina habari, na habari yenyewe ina mkono wako.

Darubini yetu inafanya kazi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu hukupenda kuzungushwa. Iko juu ya dunia, ndani ya setilaiti, inatafuta miale ya gama, miale mikali kuliko ile ya eksirei waliyokupiga kifuani hospitalini. Hutoka kwenye nyota zinazokufa, na kwingine ambako hata walimu wangu hawakujui vizuri. Hewa ya dunia huizuia isitufikie, ndiyo maana chombo kikapelekwa huko juu.

Nilipokuwa chuoni uliniuliza ninasomea nini, nikakujibu kwa kiburi cha ujana kwamba ni mambo ya anga. Ukarudi kwa adabu kwenye pasi yako. Naomba radhi. Ningekueleza kwa mfano wa mlango wetu ungeelewa siku ile ile.

Unaukumbuka mwaka ule kafili wako, mdhamini wa kazi, alipochelewa kukuhuishia ikama, kile kibali cha kuishi. Ulikuwa unakwenda kusafisha nyumba za watu huku roho iko mkononi, na ukirudi uliniwekea sheria. Mlango wa nje ulikuwa wa chuma, wenye kioo juu, ukifunguka kichochoro kizima kinajua. Ndani yake ukumbi mwembamba wenye ngazi ya kwenda paani, kisha mlango wetu wa mbao. Chuma kikilia, halafu mbao ikabishwa, huyo katoka nje, huenda ni askari, tukae kimya. Mbao ikibishwa na chuma kimenyamaza, huyo ni jirani yetu Bi Zuhura, kavuka paani kwake kuja kwetu, nifungue mbio.

Basi darubini yetu ina sheria hiyo hiyo. Ndani kuna fuwele zinazowaka zikipigwa na mwale. Nje zimezungukwa na mabamba ya plastiki, na hayo ndiyo kazi yangu, miaka sita sasa. Huko juu kumejaa chembe zenye umeme, wabishaji wasiochoka. Chembe ikipita, bamba hulia na fuwele huwaka, kompyuta ikaitupa. Mwale wa gama hauna umeme. Hulipita bamba kimya kimya na kuamsha fuwele peke yake, na huyo ndiye mgeni tunayemngoja.

Wiki za mwanzo hatukugusa kitu. Chombo kiliachwa kitoe unyevu na hewa iliyojificha ndani yake, maana umeme mkubwa ukiwashwa mapema cheche huruka, kifaa kikaungua. Kisha tukapandisha umeme kidogo kidogo, kifaa kimoja baada ya kingine, kila amri ikisubiri setilaiti ipite juu ya antena yetu. Mabamba yakaamka yote, hata moja halikunitia aibu. Nikapiga kigelegele moyoni tu, kwa kuwaonea haya wakubwa.

Miale midogo ikaanza kuingia, tukapongezana. Lakini ile mikali kabisa, ambayo chombo kizima kilijengwa kwa ajili yake, haikuja. Ikapita wiki. Mkuu wetu wa zamu, tunayemwita Abu Turki, mtu mpole anayetulisha tende kila asubuhi, akatukusanya na kusema kesho yake ataamuru mabamba yazimwe. Alishuku mabamba ndiyo yanayoifanya itupwe, akataka kuokoa alau kidogo. Mabamba yakizimwa, kila chembe ingeingia, na mgeni wetu asingejulikana katika umati ule. Nilitoka mkutanoni nikaenda mezani kwangu.

Nikakaa na orodha ya vilivyotupwa na kompyuta. Nikakuta jambo. Katika baadhi yake, fuwele ziliwaka mno, na bamba lililolia lilikuwa kando kabisa, mbali na njia ya mwale. Nilikuwa nimesharudi Ghulail.

Alasiri moja ya mwaka ule Bi Zuhura alibisha kwa ngumi zote mbili. Mbao ikatikisika, ukuta ukatikisika, na chuma cha nje kikalia. Ukaniziba mdomo kwa kiganja chako kilichonuka sabuni. Tulikaa sakafuni mpaka kukatulia. Kumbe Bibi, mama yako, alikuwa kwenye simu ya Bi Zuhura, kutoka Unguja, anataka kuisikia sauti yako. Simu ikakatika. Siku tatu baadaye ikaja nyingine, ya msiba wa Bibi.

Hukulia mbele yangu. Ulinishika mkono ukanisimamisha ukumbini, ukaupiga mlango wa mbao kwa nguvu zako zote, tena na tena, mimi nikisikiliza.

"Usiulize kama chuma kimelia," ulisema. "Uliza kimelia wapi. Akiwa mtu wa nje, hulia kwenye komeo. Kishindo chetu wenyewe hulia kwenye kioo cha juu. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia, Mama. Mwale mkali mno ukipiga fuwele hutawanyika cheche, na baadhi ya cheche hurudi nyuma zikagonga mabamba. Mgeni wetu alikuwa anabisha kwa nguvu hata mlango wa nje ukalia, nasi tunamfukuza kwa sheria yetu wenyewe. Nikamwendea Abu Turki, nikamwambia tusizime kitu. Tuiamuru kompyuta itupe tu pale bamba lililolia liko kwenye njia ya mwale. Likilia la kando, imwache mgeni apite.

Akaikagua orodha mara mbili. Akaniuliza nani kanifundisha kufikiri hivi. Nikamwambia ni mama yangu, alikuwa anasafisha nyumba Jeddah. Akanisogezea kibodi.

"Yalla," akasema. "Andika amri."

Amri ilipanda asubuhi. Kabla ya adhuhuri ukaja wa kwanza, mkali kuliko yote tuliyowahi kuiona, umesimama katikati ya skrini bila wasiwasi. Ukaja wa pili. Safari hii kigelegele kilinitoka kwa mdomo, cha Kiunguja hasa, kirefu, na Abu Turki akamwaga kahawa yake kwenye kanzu nyeupe asijali. Nilijivuna, Mama. Bado najivuna, na nitajivuna mwezi mzima.

Hospitalini, siku zako za mwisho, ulikuwa ukiniuliza simu ya nani inalia. Haikuwa ikilia simu yoyote. Nilikuwa najua unaingoja ipi, na sikuwa na la kukujibu.

Leo ninalo. Mwale ule ulikuwa safarini tangu kabla Bibi hajazaliwa, na kabla ya Bibi yake. Ulipita kwetu mara moja tu, usingerudi tena. Tukamfungulia mgeni wetu, Mama. Tulikuwa nyumbani na tukamfungulia.

Lala salama.

Binti yako, yule uliyemziba mdomo