Swali Nililomuuliza kwa Kidawida

Mpendwa Mghoi,

Nyanya yako ni mzima, na maharagwe yetu ya Mwanda yametoa maua. Mimi kifua kinanimaliza.

Umeniomba nimpigie simu mpwa wangu akuajiri hospitalini kwake. Zamani, nilipokuwa nikiajiri wauguzi, msichana Mkamba, mzaliwa wa Voi, aliwashinda wote kwenye usaili. Nikamuuliza swali la mwisho kwa Kidawida, lugha yetu.

Akacheka. “Hicho sikijui, mzee. Lakini Mdawida akidungwa sindano, si hulia tu kama Mkamba?”

Wenzangu walicheka pia. Mimi nikaandika kwamba hawezi kuelewana na wagonjwa. Kazi nikampa mpwa wangu, huyohuyo unayetaka nimpigie.

Sijawahi kumwambia mtu. Simu sitapiga, mjukuu wangu. Ukikasirika, kasirika sasa ningali hai, tuongee.

Babu yako